Livingstone ya Uskoti inatokea wapi hasa? Bamdogo anataka nembo kwenye tisheti za ukoo

Kijana wa Isyesye

Wakuu habari za humu. Kuna jambo kwenye grupu la ukoo limeshaleta maneno na nimeona nije kwa wajuzi kabla watu hawajanuniana kabisa. Jina letu la mwisho ni Livingstone. Tupo wengi tu, wengine Mbeya mjini, wengine Tukuyu na Kyela, kuna waliohamia Makambako na wengine Dar huko. Mwezi wa 12 tuna kikao cha ukoo nyumbani kwa babu na bamdogo ndiye mwenyekiti wa maandalizi, sasa juzi kati katuma kwenye grupu picha ya ngao ina maua matatu na chini imeandikwa Si je puis, anasema hiyo ndiyo nembo yetu kutoka Uskoti na kuna saiti wanakuuzia mpaka cheti chenye historia ya jina, unalipia kwa dola. Anataka kila kichwa kitoe hela ya tisheti yenye hiyo nembo.

Haikuishia hapo. Anasema sisi tuna undugu na yule Dokta Livingstone wa kwenye vitabu vya historia na ndiyo maana hata ile milima ya huko Makete mpaka Ludewa inaitwa Livingstone. Shangazi kamuuliza tu "kwa hiyo na milima ni ya kwetu?" basi ikawa ugomvi, shangazi katoka kwenye grupu mpaka leo.

Ninachojua mimi ni kwamba aliyeanza kuitwa hivyo ni baba yake babu, alibatizwa miaka ya 1920 upande wa Rungwe, na kabla ya hapo alikuwa na jina la Kinyakyusa kama watu wote, ukoo wa Mwa nanihii, sitautaja humu. Naomba kujua hilo jina kwa wenyewe Waskoti lilianzaje, ni ukoo mmoja au ni watu tofauti, na hiyo nembo ikoje. Na kama kuna mwenye fununu ya sisi kuwa na damu ya huko aseme tu, sitakasirika.

Mzee wa Kiwira

Ugonile kijana. Nianze na la kwenu halafu niende Uskoti.

Jina la babu yako ni jina la ubatizo. Enzi hizo mtu akishamaliza mafundisho anachagua jina au anachaguliwa, wengi walichukua ya kwenye Biblia, wengine wakachukua ya watu waliosifiwa misheni. Wamoravian walifika Rungwe 1891 na wale walikuwa Wajerumani, lakini vita ya 1914 ilipokuja Waingereza wakaingia huku 1916 na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa, basi kazi ikashikwa na Waskoti wa misheni ya Livingstonia kutoka ng'ambo ya Nyasa mpaka Wajerumani waliporuhusiwa kurudi kwenye hiyo miaka ya 1920. Sasa misheni yenyewe inaitwa Livingstonia, picha ya mzee imetundikwa ukutani, mtoto abatizwe nani? Na Waskoti hawakuanza kujulikana hapo, kabla ya Wajerumani kufika vijana wa huku walikuwa wanavuka kwenda Karonga kufanya kazi kwa ile kampuni ya maduka ya Glasgow iliyosimamiwa na ndugu wawili, wale Moir, watu waliwaita Mandala.

Kuhusu Dokta mwenyewe kupita huku, hakupita Unyakyusa. 1866 aliingia kwa upande wa Ruvuma akazunguka Nyasa kwa kusini, na 1872 alitoka Tabora akashuka kwa njia ya Ufipa kwenda ziwa Bangweulu, akafia kwa Chitambo Mei 1873. Mskoti aliyepita huku kwetu ni Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, mwaka 1879, mkuu wa msafara wake naye Mskoti akafia njiani ikabidi yeye aongoze. Milima ile ilipewa jina kwa heshima ya Dokta, kama mnavyoona barabara inaitwa Nyerere wala Nyerere hakuichonga.

Asili ya jina sasa. Livingston ni mji, upo magharibi ya Edinburgh kwenye eneo la West Lothian, na mji umepewa jina la mtu. Kwenye karne ya 12 mfalme David wa Kwanza, aliyetawala 1124 mpaka 1153, alikuwa anagawa ardhi kwa wageni ili wamsaidie kutawala, kuna Wanormani, kuna Waflemi, kuna Waingereza. Mmoja aliitwa Leving. Pale alipokaa pakaitwa mji wa Leving, na mwanae Thurstan anaonekana kwenye hati za karne hiyo hiyo akilitoa kanisa la hapo kwa watawa wa Holyrood. Baadaye waliomiliki eneo hilo ndio wakaanza kuitwa "wa Livingston", yaani jina la mtu likawa la mahali halafu likarudi kuwa la watu. Wakapanda vyeo hao, acha kabisa. 1437 mfalme James wa Kwanza aliuawa, mtoto wake akarithi akiwa na miaka 6, na Sir Alexander Livingston wa Callendar akajifanya ndiye mlezi wa mtoto mpaka akamfunga malkia mama ndani ya ngome ya Stirling. 1440 yeye na mwenzake Crichton wakahusishwa na ile karamu ya Edinburgh ambapo mtoto wa Douglas, kijana wa kama miaka 16 hivi, aliitwa kula na mfalme, halafu yeye na mdogo wake wakakamatwa wakakatwa vichwa. Mfalme alivyokua akawageukia, 1450 wawili wa ukoo huo nao wakakatwa vichwa, lakini hawakuisha, wakarudi tena juu, binti yao Mary Livingston alikuwa mmoja wa wale wasichana wanne walioitwa Mary waliokwenda Ufaransa na malkia Mary wa Uskoti akiwa mdogo 1548, 1600 wakapewa u-Earl wa Linlithgow, na 1716 wakanyang'anywa kila kitu kwa kuwa walimuunga mkono yule wa ukoo wa Stuart aliyedai kiti cha ufalme kwenye uasi wa 1715.

Hiyo nembo ya maua matatu na Si je puis ni ya hawa wakubwa. Kwa hiyo bamdogo wako amechagua watu wa kukata vichwa mezani, mwambie afikirie.

parachichi_la_njombe

Hahahaa kwa hiyo sisi tunaoitwa Joseph tudai shamba Nazareti. Mwambie bamdogo nembo nzuri ni parachichi, inalipa kwa dola vilevile

Mwalimu Ipogolo

Kamwene wote. Mzee wa Kiwira kaeleza vizuri ila kaeleza nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayomhusu Dokta, maana Dokta David Livingstone hakutoka kwa hao mabwana wa Callendar hata kidogo.

Uskoti nayo ina Nyanda za Juu na Nyanda za Chini, na zamani walikuwa karibu mataifa mawili. Wa chini waliongea lugha ya jamii ya Kiingereza, wa juu na wa visiwani waliongea Kigaeli. Majina ya chini yalitulia mapema, ya juu yalichelewa sana, mtu alijulikana kwa baba yake na babu yake, na Mac maana yake ni mwana wa, sawasawa na Mwa ya Wanyakyusa, ila wenyewe binti hakuwa Mac, alikuwa Nic. Sasa kwenye kisiwa cha Lismore na eneo la Appin, pwani ya magharibi, kulikuwa na watu walioitwa kwa Kigaeli jina ambalo likiandikwa kwa herufi za Kiingereza linatoka MacLea au vitu kama hivyo. Hata wenyewe wanabishana, wengine wanasema ni mwana wa mganga, wengine wanasema ni mwana wa Dunsleve, mtu wa zamani. Hawa ndio watunzaji wa fimbo ya mtakatifu Moluag aliyekufa 592, fimbo ya mbao haifiki hata mita moja, na mpaka leo ipo mikononi mwa familia hiyo hiyo pale Lismore kwenye nyumba ya Bachuil. Kuanzia karne ya 17 hivi wakaanza kuandikwa Livingstone. Damu na wale wa karibu na Edinburgh hakuna, ni jina la kueleweka mjini lililochukuliwa likawekwa juu ya jina la nyumbani. Karani anakuuliza jina, unamtajia la Kigaeli, anaandika analolijua yeye. Sisi tuliosajiliwa shule miaka ile si tunaijua hiyo.

Kina Dokta wanatoka huku. Yeye mwenyewe alieleza kwamba baba yake babu alifia vitani Culloden 1746 upande wa Stuart, na babu yake alikuwa na kashamba kwenye kisiwa cha Ulva, maisha yakambana akashuka Blantyre kutafuta kazi kiwanda cha pamba mwishoni mwa karne ya 18. David akazaliwa hapo 1813, familia nzima chumba kimoja, miaka 10 akaingia kiwandani. Blantyre ya Malawi imetokana na huko. Na ile e ya mwisho msiigombanie, baba yake aliikata akawa anaandika Livingston, David ujanani naye aliandika bila e, ikarudishwa kwenye miaka ya 1850 wakati ameshakuwa maarufu.

Kuna jambo jingine la majina ya Nyanda za Juu nawapa bure. 1603 mfalme James wa Sita alipiga marufuku jina la MacGregor, yaani ukijiita hivyo adhabu ni kifo, kwa sababu waliua watu wengi wa ukoo wa Colquhoun kwenye vita ya Glen Fruin. Wakajigawa, wengine wakawa Murray, wengine Grant, wengine Drummond, hata Rob Roy mwenyewe alitumia Campbell. Marufuku iliondolewa 1661, ikarudi 1693, ikafutwa moja kwa moja 1774. Waliorudia jina wakarudia, wengine wakabaki humo humo. Kwa hiyo hata Mskoti halisi mwenye jina Murray leo usimwambie yeye ni wa damu ya akina Murray, anaweza akawa MacGregor aliyejificha. Na mpangaji wa chifu alichukua jina la chifu ili apate ulinzi na shamba, damu hakuna. Shetland huko kaskazini mpaka karne ya 19 bado jina lilibadilika kila kizazi, mtoto anachukua jina la kwanza la baba, kama sisi kabisa.

Bwana Misitu wa Sao Hill

Mbona mnamkatisha tamaa huyo bamdogo? Waskoti walikuwepo Mufindi kwenye chai, walikuwepo Mbozi kwenye kahawa, na watu ni watu. Mimi namjua mzee mmoja huku ana macho ya kijani na hamna aliyewahi kuuliza. Mtoto wa huyo Livingstone anaweza akafichwa kwenye jina la ubatizo mkadhani ni dini.

Mzee wa Kiwira

Bwana Misitu inawezekana kwa mtu mwingine, sikatai. Ila huyu kasema babu yao alikuwa na jina la Kinyakyusa na ukoo wake unajulikana na kabatizwa mkubwa. Baba anajulikana, shamba linajulikana, kaburi la baba linajulikana. Na majina ya watu wakubwa wa misheni yalitembea sana bila damu. Angalieni waliobeba mwili wa Dokta kutoka Chitambo mpaka Bagamoyo 1874. Susi na Chuma, watumishi wake, mnawajua wote, lakini kulikuwa na kijana mwingine Myao aliyekombolewa utumwani akasomeshwa Nasik kule India, yeye ndiye aliyechonga maandishi kwenye ule mti wa Chitambo ulipozikwa moyo na ndiye aliyesindikiza jeneza mpaka Uingereza. Aliitwa Jacob Wainwright. Myao huyo. Mnataka kuniambia na yeye ana nembo Uingereza?

Dada wa Mafinga

Mimi nataka kuongelea hela maana ndiyo inayomuuma mleta uzi.

Usilipie hicho cheti. Uskoti nembo haiwi ya jina wala ya ukoo, ni ya mtu mmoja aliyepewa, akifa inakwenda kwa mrithi wake, na kuna ofisa kabisa wa serikali anaitwa Lord Lyon ambaye ana daftari la nembo zote lililoanzishwa kwa sheria ya 1672 na ana mahakama yake. Kutumia nembo ya mwenzio ni kosa kule mpaka leo. Hata hao Waskoti wenyewe wenye jina Livingstone hawaruhusiwi kuivaa ile ngao ya maua matatu eti kwa sababu jina linafanana. Wanachoruhusiwa watu wa ukoo ni kile kibeji chenye alama inayokaa juu ya ngao ya chifu ikiwa imezungukwa na mkanda wenye bizimu, na hapo unakuwa unasema mimi ni mfuasi wa chifu fulani. Sasa uchifu wa hao MacLea uliotambuliwa na Lord Lyon 2003 ni wa hiyo familia ya Lismore yenye fimbo. Hizo saiti zinachukua nembo ya Earl fulani aliyekufa zamani zinauzia kila mtu mwenye jina hilo duniani. Mtu wa Mbeya Lord Lyon hatamfuata, sitii chumvi, ila mtakuwa mmevaa ngao ya mtu mwingine na mmelipia.

Na kama bamdogo akigeukia zile nguo za mirabamiraba mwambie pia. Baada ya Culloden serikali ilipiga marufuku mavazi ya Nyanda za Juu kuanzia 1746 mpaka 1782, na hii habari ya kila ukoo na mraba wake ilishika kasi mfalme George wa Nne alipotembelea Edinburgh 1822, mwandishi Walter Scott akapanga sherehe akawaambia machifu waje na miraba ya koo zao, wengine wakaenda kwa mwenye kiwanda kuuliza ya kwao ni ipi. Wafanyabiashara wakamaliza kazi.

parachichi_la_njombe

Kumbe hata wao waliuliza dukani!! Bamdogo yupo kwenye mila kabisa, mwacheni

Kijana wa Isyesye

Ndaga fijo wakuu, sikutegemea madini kiasi hiki. Nimemtumia bamdogo skrini shoti za Mwalimu na Dada wa Mafinga, jibu lake la kwanza ni "hao wanajificha nyuma ya majina ya bandia", jibu la pili, baada ya kama saa hivi, anauliza kama huyo chifu wa Lismore anapatikana kwa imeili. Kwa hiyo maua matatu kayaacha sasa anataka fimbo.

Swali la mwisho. Tukitaka kuhakikisha kabisa tunaanzia wapi? Kuna binamu anasema tupime DNA.

Mwalimu Ipogolo

DNA ya mwanaume kwa mwanaume inafuata mstari wa baba tu, kwa hiyo kama mnapima apime mwanaume aliyetoka kwa huyo mzee kwa njia ya watoto wa kiume mfululizo, baba kwa baba. Shangazi hata akipima haitaonyesha mstari huo. Lakini ni hela, na jibu mnalo. Anzeni na kitabu cha ubatizo huko kanisani, wamisionari wale walikuwa waandishi wazuri, mara nyingi utakuta jina la zamani na jina jipya yameandikwa kwenye mstari mmoja, na jina la baba, na kijiji. Nendeni na mzee anayejua majina ya zamani kwa sababu wazungu waliyaandika walivyoyasikia na mtapita juu ya babu yenu bila kumtambua. Ongeeni na mchungaji vizuri, msiende wengi.

Wenye mababu kweli Uskoti wana saiti ya serikali yao inaitwa ScotlandsPeople, ina vitabu vya parokia, cha zamani kabisa ni cha 1553, na usajili wa serikali wa kuzaliwa, ndoa na vifo kuanzia 1855. Mwambie bamdogo kama anaamini tunatokea kule amtafute humo mtu mmoja tu aliyetoka kwenda Rungwe akaacha mtoto. Jina na tarehe. Akimleta mimi nitavaa tisheti.

Mama Uyole

Nimesoma kimya ila niulize, hivi huyo mzee mwenyewe kabla ya ubatizo jina lake mnalijua au mmeshalisahau? Maana kwetu watoto hawalijui kabisa la babu yao, wanajua Simon tu.

Kijana wa Isyesye

Shangazi analijua mama, na la baba yake pia na la babu yake. Ndiye huyo aliyetoka kwenye grupu. Nimempigia leo, amesema hadi bamdogo amwombe msamaha ndiyo atayasema, na yaandikwe kwenye tisheti mgongoni, yeye atachangia ya watoto wote. Bamdogo anasema sawa lakini mbele ibaki Livingstone, na hiyo e isiondolewe.